Rasimu Hukaa Siku Thelathini

Ukitaka kumjua Mokaddes Talukdar usianzie kwenye ile kesi. Kalmipur nzima huanzia kwenye kesi, ndiyo maana hawamjui. Anzia kwa baba yake.

Baba yake alikuwa mtunza majalada wa ofisi ya matuta, ile ofisi inayoangalia kuta za udongo zinazolinda mpunga wetu dhidi ya maji ya milimani. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja na mchwa wasio na idadi. Mwaka wa mafuriko makubwa maji yalipoingia ofisini, mzee alitembea humo maji yakimfika kifuani, majalada kichwani, msuli ukimwelea kiunoni, akaenda na kurudi mara kumi na saba. Haikupotea karatasi hata moja. Nyumbani ng'ombe wake alizama. Watu walimcheka sokoni: "Mzee, umemwacha ng'ombe afe ukaokoa makaratasi ya serikali?" Akawajibu, "Ng'ombe ni wangu. Karatasi si zangu." Mokaddes alikuwa na miaka tisa, na alilisikia jibu hilo mpaka likamwingia mifupani.

Alipokua akaingia ofisi ileile, kwanza kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja makarani wakubwa walizikwepa, kila mmoja na udhuru wake, macho, mgongo, uzee. Yeye akajitolea. Wakampeleka Dhaka wiki sita kusomea, akarudi kuwa mtunza seva, yaani ile mashine inayobeba barua pepe zote za ofisi. Waliiweka katika chumba kilekile cha mchwa. Alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Tambuu, ambayo hakuweza kuishi bila kuitafuna, aliitemea nje. "Humu hakipotei kitu," alizoea kusema, nasi tulimwamini kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa lazima nikueleze jinsi ofisi yetu inavyoandika barua, maana hapo ndipo balaa lilipotokea. Kwetu mtu mdogo hatumi barua. Mtu mdogo anaandika, anaiweka mbele ya mkubwa, mkubwa anasoma, anakata neno moja ili ionekane amesoma, kisha anatia sahihi. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu. Barua pepe ilipokuja hatukubadilika hata kidogo. Ofisi ilikuwa na anwani moja, ya bosi. Kila mmoja wetu alikuwa na ufunguo wa kuingia humo, akaandika barua yake, akaambatisha picha na ramani zake, akaihifadhi kama rasimu na kwenda zake. Bosi, mhandisi Wahidul Mazumder, ndiye pekee aliyebonyeza "tuma". Kwa hiyo folda ya rasimu ndiyo ilikuwa ofisi yenyewe, na kazi zetu zote zililala humo zikisubiri kidole cha mtu mmoja.

Na kidole chake kilikuwa kizito. Mwezi wa pili mwaka ule rasimu zilifika elfu kumi na moja. Kompyuta nayo ina kiherehere chake: wewe unaandika polepole, yenyewe kila dakika inahifadhi upya, na kila ikihifadhi inabeba tena picha zote, ya zamani inabaki imejificha chini. Barua moja ya picha kumi ikiandikwa na karani mwenye usingizi ingejaza kabati zima. Asubuhi moja diski ikajaa kabisa. Barua zikagoma kuingia, na moja ya wizarani ikarudi ilikotoka. Bosi akamwita Mokaddes.

"Hii mashine yako imekula nini?"

"Rasimu, bosi. Na picha zake."

"Rasimu ni takataka. Zifute."

"Bosi, kazi za watu zimo humo. Nyingine zinakusubiri wewe."

"Kama zinanisubiri tangu mwaka juzi basi zimeshakufa, zizikwe. Kesho asubuhi nataka nafasi kwenye mashine, sitaki hadithi."

Mokaddes aliomba diski mpya, akaambiwa hakuna fungu. Akafanya alichoweza, na alikifanya kwa uangalifu wa mtu anayepanga nyumba ya mamaye. Viambatisho alivitenga akavihamishia diski ya pili, akaiagiza mashine kwamba picha moja ihifadhiwe mara moja tu hata ikiambatishwa mara kumi. Barua zilizotumwa na zilizopokelewa alizipangia nakala ya akiba kila siku. Rasimu aliziacha nje ya akiba, kwani diski ya akiba ilikuwa ndogo na rasimu hubadilika kila dakika. Mwisho akaandika sheria ya mstari mmoja: rasimu isiyoguswa siku thelathini ifutwe pamoja na viambatisho vyake. Ukiifungua ukaihifadhi upya, siku zinaanza tena kuhesabiwa kutoka moja.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mwana wa baba yake, aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliiamuru seva iandike katika daftari lake kila ilichokifuta: siku, jina la mwandishi, na mada ya barua. Hata maiti huandikwa jina, alijiambia. Kila mstari wa daftari hilo ungekaa siku sitini, kisha nao ungejifuta ili usijaze nafasi.

Ikabaki kuwaambia watu. Akaandika tangazo zuri, fupi, kwa wafanyakazi wote: kuanzia leo, rasimu hukaa siku thelathini, mwenye barua ya muda mrefu aichukue. Na kwa kuwa kwetu mtu mdogo hatumi barua, alifanya kama kila mtu. Aliliweka kwenye rasimu, akapanda ngazi kwenda kwa bosi.

"Bosi, nimekuwekea tangazo. Ni la haraka."

"Nitaona."

Nitaona! Sisi tulioifanyia kazi ile ofisi tunaijua hiyo nitaona. Lakini nafasi ilitakiwa kesho yake asubuhi, basi Mokaddes aliiwasha sheria jioni ileile, akinuia kumkumbusha bosi keshoye. Keshoye barua zikawa zinapita kama maji ya mferejini, watu wakampongeza. Waliona rasimu za zamani zimetoweka, wakadhani amefagia mara moja kama watu wanavyofagia kwa ajili ya sikukuu. Wiki hiyo mkewe Rowshan akaugua jino, binti yao akawa na mtihani. Akasahau. Siku ya thelathini sheria ilipita, ikakuta tangazo halijaguswa na mtu, ikalifuta. Tangazo la kuonya kwamba rasimu zitafutwa lilifutwa kwa kuwa lilikuwa rasimu. Cheka ukitaka. Sisi tulicheka pia, baadaye, halafu tukaona aibu.

Siku nane kabla ya sheria ile kuwashwa, tarehe mbili Februari, mpima wetu Ranjan Das alikuwa amerudi kutoka bonde la Kaliadoha, tope likiwa limemfika magotini. Ranjan alizaliwa hukohuko bondeni, na wajomba zake wote walilima humo. Alikuwa mtu wa mzaha. Kila asubuhi alichungulia chumba cha seva: "Mokaddes-bhai, kaka yangu, huyu mgonjwa wako ameamkaje?" Siku hiyo hakutania. Tuta lilikuwa na ufa kilomita ya nne, mrefu kama mtumbwi, na mkono uliingia mpaka kwenye kifundo. Aliandika barua, akaambatisha picha kumi na moja, akaihifadhi kwenye rasimu. Kisha akapanda kwa bosi. Akapanda tena. Mara ya tatu bosi alimwambia, "Nimeiona. Usinifuate kama mdai." Mkandarasi aliyelijenga tuta lile alikuwa shemeji yake bosi, na hilo kila mtu alilijua, hata mwenye kibanda cha chai.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, kaka," Ranjan alimwambia Mokaddes. "Na pale hapatajengwa ukuta. Pale tutaogelea."

"Endelea kumganda. Atachoka, atatuma."

"Nitamganda mpaka aote mimi."

Na kweli alimganda, kila siku, mwezi mzima. Kisha siku moja ya mwanzo wa Machi alishuka ngazi akicheka. Alikuwa amechungulia folda ya rasimu na barua yake haikuwepo. Ujue, rasimu ikishatumwa hutoka humo yenyewe.

"Mokaddes-bhai, vaa viatu, leo chai juu yangu. Mzee amebonyeza."

Wakaenda kibandani. Mokaddes alikunywa vikombe viwili na bisi za mchele. Hakufikiri kitu. Mpaka leo hilo ndilo linalomuuma, kwamba alikunywa na akafurahi. Tangu siku hiyo Ranjan hakupanda tena ngazi kumsumbua bosi. Alisubiri mafundi waje na udongo.

Tarehe ishirini na tisa Machi mvua ya milimani ilishuka. Alfajiri tuta likapasuka kilomita ya nne, palepale. Mpunga ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili uvunwe. Bonde letu linalima mara moja tu kwa mwaka. Miezi mingine yote ni maji. Kufika saa nne asubuhi hukuona hata jani moja. Mzee mmoja aitwaye Kashem aliingia na mundu akate alichoweza, wanawe wawili wakamfuata kumtoa, na wote watatu waliopolewa maiti siku ya pili. Ranjan alikuwa huko tangu alfajiri akibeba magunia ya mchanga, na simu yake, yenye zile picha, ilimponyoka majini. Wanakijiji walipomwona walimpiga, maana yeye ndiye waliyemjua. Yeye ndiye aliyekuja na kamba ya kupimia, akatazama ufa, akaondoka.

Mwezi wa Aprili tume ya watu watatu ilitoka Dhaka. Bosi akaapa mbele yao kwamba hakuna mtu aliyemwandikia neno lolote kuhusu ufa. Ranjan, jicho moja bado limevimba, alitabasamu. "Barua ilitumwa. Kama haikutumwa, basi imo kwenye rasimu. Mwulizeni Mokaddes-bhai. Kwake hakipotei kitu."

Mokaddes akavua viatu, akaingia, akaketi. Kwenye barua zilizotumwa, haipo. Kwenye rasimu, haipo. Alifungua daftari la seva akashuka nalo mpaka Machi, na pale tarehe nne akaiona: mwandishi Ranjan Das, iliandikwa tarehe mbili Februari, viambatisho kumi na moja, mada, Ufa katika tuta la Kaliadoha, kilomita ya nne. Imefutwa.

Mstari mmoja. Ulitosha kumtoa Ranjan kwenye lile shimo la tuhuma, maana ulimtaja kwa jina, kwa siku na kwa ufa wenyewe. Na ulitosha kumtumbukiza Mokaddes, maana aliyefuta alikuwa yeye.

Hakuuchapisha hapohapo. Tume aliipelekea sentensi mbili: nimetafuta kwenye zilizotumwa na kwenye rasimu, barua haipo. Kila neno lilikuwa kweli. Jioni bosi alimwita, akamkaribisha kiti, akamtengenezea tambuu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mokaddes, hizo rasimu zimekwenda wapi?"

"Zilifutwa, bosi. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Imeandikwa wapi?"

"Nilikuwekea tangazo."

"Sijaliona. Nionyeshe."

Bosi akamsogezea sahani ya tambuu.

"Mtu akifuta karatasi za serikali bila maandishi, wanamwitaje? Sikutishi, ndugu yangu. Nakuuliza tu. Umebakiza miaka mingapi ustaafu, minne? Na binti anachumbiwa, nasikia watu wazuri. Haya, kula tambuu."

Akala. Aliniudhi Mokaddes, sifichi, lakini nikijiuliza ningefanya nini pale kwenye kile kiti, sina jibu ninaloweza kulisema mbele ya watu.

Daftari lilikaa siku sitini. Mstari wa tarehe nne Machi ungeondoka tarehe tatu Mei. Kuuokoa ilikuwa kazi ya pumzi moja: badilisha sitini iwe mia sita. Au chapisha karatasi moja, ikunje, itie mfukoni. Kila siku Mokaddes aliufungua akausoma, akaufunga. Nyumbani aliacha kula samaki, halafu akaacha kula wali. Rowshan alimtazama.

"Una nini?"

"Tumbo."

"Tumbo halimfanyi mtu ahesabu vidole," mkewe akasema. "Tangu juzi unahesabu vidole."

Tarehe thelathini Aprili alikuja Sumitra, mke wa Ranjan. Alikuwa ametembea kutoka kwenye jahazi la abiria, miguu imevimba, akakataa kiti akakaa mkekani na Rowshan. Nyumba yao huko bondeni ilikuwa imevunjwa milango, na Ranjan alikuwa ameshashtakiwa kwamba aliuona ufa asiuripoti. Wajomba wa Ranjan wenyewe hawakumsalimia.

"Kaka, tumaini langu ni moja tu," akasema. "Ranjan aliniambia, kama kuna mtu duniani anayeweza kuipata ile barua ni wewe. Alinihadithia habari ya baba yako na yale majalada. Alisema mtu wa damu ile hapotezi karatasi."

Mokaddes alitazama mlango.

"Natafuta, dada."

"Siku za kesi zimekaribia."

"Natafuta."

Sumitra alimgusa miguu kwa heshima, kama mdogo anavyomgusa mkubwa, kisha akaondoka. Rowshan alikusanya vikombe. Alipofika jikoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba mkwe alimwacha ng'ombe." Hakuongeza neno, wala hakulirudia tena maishani.

Tarehe moja Mei Mokaddes alikuwa kazini. Tarehe mbili alikuwa kazini, akaenda mpaka kwenye mashine ya kuchapa, akatia karatasi, akaitoa. Tarehe tatu alitoa udhuru wa tumbo akalala nyumbani uso ukutani. Tarehe nne alivua viatu, akaketi, akafungua daftari. Lilianzia tarehe tano Machi. Hakuna mtu aliyebonyeza chochote. Sheria ilikuwa yake na ilifanya kazi vizuri. Aliinama akalia, mdomo kwenye kiwiko, kimyakimya ili sisi wa chumba cha pili tusisikie. Tulisikia.

Ranjan alifungwa miaka mitatu kwa uzembe uliosababisha vifo. Mama yake alifariki Ranjan akiwa ndani, naye hakuruhusiwa kwenda kuuwasha moto wa kuchomea maiti, kama mwana afanyavyo kwa desturi yao. Bosi alihamishiwa wilaya nyingine, kwenye nyumba kubwa zaidi. Binti wa Mokaddes aliolewa.

Alipotoka, Ranjan alikuwa na mvi kichwa kizima, naye ni mtu wa miaka thelathini na saba. Mokaddes alimwona kwenye kibanda cha chai, akataka kupita upande wa pili. Akachelewa.

"Mokaddes-bhai, unamkimbia mgonjwa?"

Ranjan akamkumbatia. Alinuka sabuni ya jela. Akamketisha, akaagiza chai na bisi za mchele, na alipoona mwenzake hanywi, akamshika mkono.

"Najua ulivyotafuta. Sumitra aliniambia umekonda ukitafuta. Humo ndani nilikuwa nikijiambia, walao yuko mtu mmoja. Ingekuwepo ungeitoa. Usijilaumu, kaka. Kunywa, itapoa."

Mokaddes akainywa yote. Ranjan alilipa, akakataa kabisa kurudishiwa, akaenda zake akichechemea kidogo.

Mokaddes akarudi ofisini. Akavua viatu, akaketi, akafungua sanduku la barua alilojitengenezea mwenyewe kwenye seva, folda ya rasimu. Humo mna barua moja tu. Imeelekezwa kwa tume. Ina sentensi tano, na ya kwanza inasema: Mimi, Mokaddes Talukdar, niliuona mstari. Aliiandika tarehe tano Mei, mwaka wa kesi. Angeweza kujitoa kwenye sheria ya siku thelathini kwa neno moja, kwani ni mashine yake, lakini hajajitoa. Kila siku ya ishirini na tisa huifungua, hutia nukta mwishoni, huifuta ile nukta, huihifadhi. Siku hiyo ya chai ilikuwa ya ishirini na sita tu. Akaisoma, akapeleka kidole kwenye "tuma", akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akatia nukta, akaifuta, akahifadhi, na siku zikaanza tena kutoka moja.